Kiti cha dirishani kutoka Entebbe: upande gani unafaa kulipiwa?

Baadhi ya mashirika ya ndege hutoza ada kwa abiria anayetaka kujichagulia kiti mapema, na wengi huilipa bila kujiuliza dirisha hilo litaelekea wapi. Kinachostahili kuangaliwa kwanza ni upande, kisha safu, kisha saa ya safari. Mpangilio ufuatao unaanzia kwenye safari ambayo dirisha lake lina thamani kubwa kuliko zote, na pande zilizotajwa ni za safari ya kwenda. Wakati wa kurudi zigeuzwe.

Nafasi ya kwanza naipa, bila kusita, ndege ndogo aina ya Cessna Caravan zinazopeleka watalii Kasese na Kihihi, magharibi mwa Uganda. Bawa lake liko juu ya madirisha, hivyo hakuna abiria anayezibiwa ardhi, isipokuwa na ile nguzo nyembamba inayolishikilia bawa. Tena, kwa kuwa ndani yake hewa haiongezwi shinikizo, ndege hii hupaa chini kuliko jeti, na mtu huweza kutofautisha shamba la migomba na shamba la chai. Upande bora ni wa kulia, ulikolala mlima Rwenzori wenye kilele cha Margherita cha mita 5,109, ingawa mlima huo hupenda kujifunika: chagua safari ya asubuhi, ikiwezekana kati ya Juni na Agosti au Desemba na Februari. Kasoro ni kwamba mara nyingi viti havipangwi kwenye tiketi, kwani rubani huwagawa abiria kwa kuzingatia uzito, kama ambavyo mizigo nayo kwa kawaida huwekewa kikomo cha kilo 15. Fika mapema, omba kwa adabu.

Nafasi ya pili ni safari za pwani, na hapa ndipo makosa hufanyika, kwa sababu watu huambiana tu kwamba Kilimanjaro huonekana kushoto. Kauli hiyo ni kweli kwa anayekwenda Dar es Salaam au Zanzibar: njia iliyonyooka kutoka Entebbe hupita kusini-magharibi mwa mlima huo wa mita 5,895, na mlima Meru nao hubaki upande huohuo wa kushoto. Anayekwenda Mombasa, hata hivyo, hupita kaskazini ya Kilimanjaro, hivyo anahitaji kiti cha kulia. Marubani wanaweza kukengeuka kwa sababu ya hali ya hewa au maelekezo ya waongozaji wa ndege walio ardhini, lakini ramani ndiyo mshauri wa kuaminika zaidi: chora mstari kati ya miji miwili, kisha tazama mlima umeangukia wapi.

Kuhusu safu, aina ya ndege ndiyo inayoamua. Katika jeti ndogo ya CRJ900, ambayo Uganda Airlines huitumia katika safari za kanda hii, injini ziko mkiani. Basi safu zilizo mbele ya bawa zina mwonekano safi kabisa. Katika Airbus A330 injini zimening'inia chini ya mabawa, na anayeketi nyuma ya injini hizo huona mandhari yakitetemeka kwa joto la moshi wa injini, jambo linaloharibu picha hata kama jicho linalivumilia. Kabla ya kulipa, angalia pia mchoro wa viti, maana zipo safu ambazo mahali pa dirisha pana ukuta mtupu.

Nairobi ni ya tatu. Safari ni fupi, lakini upande wa kushoto unaweza kutoa mandhari ya ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Viktoria ulioingia Kenya, na karibu na mwisho, Ziwa Naivasha na kreta ya mlima Longonot. Anayeketi kulia huanza vizuri juu ya maji ya Ziwa Viktoria, kisha hana mengi.

Ya mwisho ni safari ndefu za usiku kuelekea Ulaya au nchi za Ghuba ya Uajemi. Hizo sioni sababu ya kuzilipia dirisha, labda kwa anayetaka ukuta wa kuegemeza kichwa. Fedha hiyo itumike kununua kiti chenye nafasi ya miguu.