Matone au vidonge?

Mjomba wangu, fundi cherehani hapa Arua, anataka matone yenye vitamini badala ya vidonge, eti "yanaingia jichoni moja kwa moja". Moja kwa moja wapi! Ukidondosha, unapepesa, machozi yanalisukuma, jingine linashukia puani mpaka unasikia uchungu kooni. Linalopenya halifiki asilimia 5, tena huishia mbele. Retina, utando unaopokea mwanga, iko nyuma.

Vidonge hufika huko kwa damu. Utafiti wa Marekani wa 2001 ulionyesha vitamini C, E, beta-karotini (chanzo cha vitamini A) na zinki zikipunguza kwa takriban asilimia 25 hatari ya uchakavu wa retina wa uzeeni kufikia hatua mbaya. Wavuta sigara waepuke beta-karotini. Luteini, kirutubisho cha mboga za majani, imechukua nafasi yake. Mtoto wa jicho? Huo ni upasuaji tu, mjomba.