Mikisa ya mezani kwa anayeoka nyumbani: uzoefu wangu

Kama unaoka keki tu, tena za familia, mikisa ya mkono inakutosha; usitoe hela yako. Naanza na hilo kwa sababu ndilo swali ninaloulizwa sana tangu nilete mashine kubwa jikoni, na wengi wanaouliza wameshaanza kudunduliza kwa ajili ya kitu wasichokihitaji. Mimi nilinunua kwa sababu ya unga wa hamira. Naoka skonzi na mikate ya siagi kwa oda hapa Tabata, na hizo ndizo zilizokuwa zinanimaliza mabega, Ramadhani hasa, oda zinapofuatana.

Keki ya kawaida haina ugomvi na mikisa ya mkono. Siagi na sukari unapiga mpaka vibadilike rangi viwe vyeupe na vyepesi, mayai unaingiza moja moja, unga unamalizia kwa mwiko. Shida inaanza pale kazi inapotaka muda. Geuza mikisa yako ya mkono uangalie chini au ubavuni: nyingi zimeandikwa KB na namba ya dakika, mara nyingi 5. Maana yake mota isifanye kazi mfululizo kupita hapo, izimwe ipoe. Sasa krimu ya ute wa mayai na sukari iliyopashwa juu ya mvuke inaweza kudai robo saa nzima, na ute haukungoji wewe upumzishe mashine. Na vile vikulabu viwili vya msokoto vinavyokuja ndani ya boksi kwa ajili ya kukandia, kwangu vimefaa unga laini wa robo kilo tu. Ukizidisha, unga unapanda kwenye vikulabu mpaka unakaribia mota.

Kabla sijatoa hata shilingi, wifi yangu alisafiri akaniachia mashine yake ya lita 5, boksi limeandikwa wati 1,200. Jina la kampuni sitalitaja. Ukipata wa kukuazima namna hii, azima, uijue mashine kwa unga wako mwenyewe. Kwa keki ilinifurahisha kweli. Mayai ya sponji niliyaacha yanapigwa huku nachekecha unga na kupaka tini siagi. Niliporudi yalikuwa yameumuka, ukiinua kipigio yanadondoka kwa utepe mnene unaokaa juu kidogo kabla ya kuzama.

Kwenye skonzi mambo yakawa mengine. Nilitia unga kilo moja, maji na maziwa kama mililita 600, sukari, hamira, chumvi, na siagi mwishoni. Dakika za mwanzo hakuna neno. Unga ulipoanza kushikana, kichwa kikawa kinarukaruka kwenye kifungio chake, mashine ikaanza kutambaa mezani kuelekea ukingoni, na harufu ya mota iliyochemka ikanifikia. Nikazima, nikamalizia kwa mkono. Nusu kilo iliikanda vizuri, lakini nusu kilo hata mimi naikanda vizuri. Halafu kipigio chake hakikufika chini. Katikati ya bakuli palibaki duara la unga mkavu ambao ilibidi nizime niukwangue kila mara, na mashine yenyewe haina nati wala skrubu ya kushusha kipigio.

Ukienda Kariakoo, muuzaji atakutajia wati kabla ya kitu kingine chochote. "Dada, hii elfu moja na mia tano, hii ni kazi tu." Wati ni umeme unaoingia kwenye mashine. Nguvu inayofika kwenye kulabu ni habari nyingine, na hiyo inategemea mota yenyewe, gia, na uzito wa mwili unaozuia mashine isitembee. KitchenAid Artisan ya lita 4.8, ile inayouzwa Ulaya, imeandikwa wati 300 tu, na ina uzito unaozidi kilo 10. Kwa hiyo niliacha kusoma namba kwenye boksi, nikawa nabeba. Mashine ya lita 5 unayoinyanyua kwa mkono mmoja bila kukunja uso haitakukandia kilo ya unga.

KitchenAid nusura niipate bure. Binamu yangu aliyeko Houston alitaka kuniwekea moja kwenye boksi la mizigo. Nilimshukuru sana nikamwomba asinunue. Mashine za Marekani zimetengenezwa kwa volti 120 na hezi 60; huku kwetu ni volti 230 na hezi 50. Ukiichomeka hivihivi umeiunguza siku hiyohiyo. Kuna transfoma, ndiyo, lakini sasa una mzigo mwingine mzito jikoni, na lazima uwaangalie wanaokuja nyumbani wasichomeke kitu kingine hapo. Mwenye ndugu Uingereza ana bahati zaidi: umeme wao ni volti 230 kama wetu, na plagi yao ya pini tatu bapa ndiyo hiihii tunayotumia.

Ndiyo maana nikaishia kwenye Kenwood Chef ya mtumba kutoka Uingereza. Chef ya kwanza ilitoka mwaka 1950 na mpangilio wake haujabadilika sana: bakuli limesimama, kipigio kinajizungusha chenyewe huku kikilizunguka bakuli, kama dunia na jua. Mpya ilikuwa juu ya uwezo wangu. Hii nililipa shilingi 350,000, na mashine mpya za Kichina nilizokuwa nazitazama zilianzia kama 200,000.

Nilikwenda dukani na kilo ya unga kwenye mfuko. Nilimwambia muuzaji, "Kaka, sinunui mpaka ikande." Alishangaa, kisha akaleta maji. Kwanza niliiwasha ikiwa tupu kwa spidi ya chini kabisa, maana mashine iliyochoka upande wa spidi huwa haijui kwenda taratibu. Ukiigusa tu inakimbia. Nikasikiliza kama gia zinakwaruza. Nikatikisa pale kipigio kinapochomekwa, kuona kama kunacheza sana. Nikapitisha kidole chini ya kichwa kutafuta mafuta, kwa sababu mashine iliyolala ghalani muda mrefu grisi yake inaweza kuachia mafuta, na mafuta hayo yatadondoka kwenye rojo yako. Ndipo nikatia unga na maji. Ikakanda mpaka bakuli likawa safi pembeni, haikusogea. Niliangalia pia plagi na waya. Hapo usione haya, hela ni yako.

Sasa skonzi zangu za kilo moja zinakandwa kama dakika 10 kwa spidi ya chini. Sipandishi spidi hata nikiwa na haraka, maana kulabu ya kukandia haikuwekwa kwa mbio. Kujua kama umekandika, nachukua kidonge cha unga, nakivuta taratibu kwa vidole mpaka kiwe utando mwembamba unaopitisha mwanga. Ukichanika mapema, naurudisha. Huo utando kwa mkono nilikuwa naupata kwa jasho, na siku nyingine nilikuwa naukubali unga kabla haujafika kwa sababu nimechoka. Wateja wenyewe wameona tofauti: skonzi inachanika kwa nyuzi ndefu, na kesho yake bado laini.

Kuna jambo la joto ambalo maelezo ya kwenye boksi hayakuambii. Mashine inavyokanda inaupasha unga moto, na Dar yenyewe ni joto. Unga unaweza kuanza kuumuka hujaufinyanga. Natumia maji ya friji, na siagi naitia ikiwa imelainika tu, haijayeyuka.

Umeme usikutishe. Hata mashine ingevuta wati 1,000 kamili kwa dakika 10, haifiki moja ya tano ya uniti. Oveni ya wati 2,000 ikiwaka saa nzima inamaliza uniti 2. Anayelalamika kuhusu luku aanze kutazama oveni. Umeme ukikatika katikati ya kukanda, unaendelea kwa mkono. Ukikatika katikati ya kupiga mayai ya sponji, hapo ndipo inauma, na mikisa zote ziko sawa kwa hilo.

Mikisa ya mkono sijaigawa na sitaigawa. Mayai mawili kwenye bakuli la lita 4.6 yanakaa chini sana, hata baada ya kushusha kipigio kwa nati yake. Keki ndogo ya watoto bado naipiga kwa mkono. Maandazi pia, unga wake hauhitaji kukandwa sana, na kuosha mashine kunachukua muda kuliko kazi yenyewe. Usafi nao una mpaka wake: vipigio vya alumini usiviloweke usiku kucha wala kuvitia kwenye mashine ya kuoshea vyombo, vinakuwa vya kijivu na vinaacha weusi kwenye mikono na kwenye krimu nyeupe. Nunua vya chuma kisichoshika kutu ukivipata.

Kinachonikosesha raha sasa ni bakuli. Mtumba unakuja na moja, na kuna keki zinazotaka viini upande mmoja na ute upande wa pili, bakuli likiwa kavu halina hata tone la mafuta. Naosha, nakausha, naanza upya, na viini vinazidi kupoa. Bakuli, vipigio na mikanda ya Chef bado vinauzwa, kwa hiyo oda za mwezi huu zikilipwa, bakuli la pili ndilo la kwanza kununuliwa.