DNS ya mtoa huduma ikigoma: 8.8.8.8 au 9.9.9.9?

Kurasa zikikataa kufunguka ilhali ping (jaribio la kuona kama anwani inajibu) ya 8.8.8.8 inajibu, laini yako ni nzima. Tatizo linaelekea kuwa seva za DNS za mtoa huduma wako wa intaneti, yaani zile zinazogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Weka nyingine kwenye ruta, na vifaa vyote vitapona kwa pamoja.

8.8.8.8 ni ya Google, ipo tangu 2009, na pacha wake ni 8.8.4.4. Unaikumbuka hata intaneti ikiwa imekatika, na hilo si jambo dogo. Ila Google huhifadhi anwani yako ya IP kwa muda mfupi kabla ya kuifuta.

9.9.9.9 ni ya Quad9, shirika lisilo la faida lenye makao Uswisi. Haihifadhi anwani yako, tena hukataa kutafuta majina ya tovuti zinazojulikana kwa ulaghai na programu hasidi. Hapo ndipo inaponivutia: mzazi asiyejua kutambua kiungo cha matapeli analindwa bila kusakinisha chochote. Mara chache huzuia tovuti safi kimakosa. Ukishuku, uliza jina hilohilo kupitia 8.8.8.8.

Kwa nyumba yenye watoto au wazee, ningeweka 9.9.9.9 na akiba yake, 149.112.112.112. Usiichanganye na ya Google: kifaa kinaweza kuuliza yoyote kati ya hizo mbili, na kinga itavuja.