Uzoefu wangu: boti na mwongozaji wa uvuvi Lough Currane, Ayalandi

Lough Currane ni ziwa la kijiji cha Waterville, kaunti ya Kerry, kusini magharibi mwa Ayalandi. Mto unaoliunganisha na bahari ni mfupi mno, kwa hiyo samaki aina ya samoni na trauti wa baharini huingia ziwani wangali wanang'aa. Trauti huyu ni spishi moja na yule wa kahawia wa mitoni, ila yeye huenda kunenepea baharini kisha hurudi kuzaa.

Nilikodi boti pamoja na mwongozaji ili niwavue kwa mshipi, na thamani yote iko kwa mwongozaji. Boti yenyewe ni safi, haivuji, basi. Ziwa ni kubwa, na samaki hawa hupenda maji mafupi: kandokando ya visiwa na juu ya miamba iliyozama, ambayo mgeni haioni mpaka boti ikwaruze. Yeye anaijua. Karibu na Church Island, penye magofu ya kanisa la karne ya 12, alizima mashine mapema, akaiweka boti ubavu, upepo ukatusukuma taratibu. Kazi yake ikabaki kasia moja, anagusa maji kidogo tu, tukauambaa mwamba bila kuugusa.

Mshipi hubeba nzi bandia watatu, manyoya yaliyofungwa kwenye ndoano. Unarusha karibu, upepo ukiwa mgongoni, unavuta, kisha unainua ufito polepole mpaka nzi wa juu atambae juu ya wimbi. Usiharakishe hapo! Trauti wangu alingoja nzi akaribie kutoka majini, ndipo maji yakafumuka. Rangi ya fedha tupu, madoa meusi, na magamba yanayobanduka ukimgusa. Ndiyo maana mwongozaji alimfungulia ndoano humohumo majini, akamshikilia mpaka alipopiga mkia na kuondoka. Nilifurahi mno.

Samoni hatukupata, na simlaumu mtu. Akishaingia maji yasiyo na chumvi samoni hali chakula tena. Kumshawishi aume ni kazi nyingine kabisa.

Lililoniudhi ni bei. Kwenye simu hawakutaja gharama ya leseni ya serikali, ambayo ni lazima kwa samoni na trauti wa baharini. Nalo koti la mvua la kuazima lilipitisha maji, na Kerry mvua haikosi. Nendeni na la kwenu.

Ukipiga simu, sisitiza upewe mwongozaji, na uchague siku ya mawingu na upepo wa wastani. Ziwa likiwa shwari na jua kali, ahirisha.