Darubini yenye kutuliza picha: rekebisha macho kwanza, kitufe baadaye

Miaka yote nilitumia darubini ya kawaida ya macho mawili, ya kukuza mara 10, na kila nikiielekeza Mshtarii, sayari ile haikuwa nukta, ilikuwa mchirizi unaorukaruka. Ndivyo ilivyo: darubini inayokuza kitu mara 10 hukuza na mtetemo wa mkono mara 10. Sasa ninayo ya 10x30 (inakuza mara 10, lenzi zake za mbele zina upana wa milimita 30) yenye kutuliza picha, naipenda sana, lakini usiku wa kwanza nusura niirudishe.

Nilitia betri, nikabonyeza kitufe cha kutuliza picha. Picha ikatulia kweli, ila ilikuwa na ukungu, na baada ya dakika chache macho yakaanza kuuma. Nilikuwa nimeruka marekebisho yote nikidhani umeme utayamaliza. Haumalizi. Umeme unashughulika na mkono. Jicho lako haulijui.

Siku hizi naanza mchana, kitufe sikigusi. Nasogeza sehemu mbili za kutazamia, zikaribiane au zitengane, mpaka nione duara moja tu. Mimi navaa miwani, kwa hiyo mipira ya kuzunguka jicho naikunja chini. Asiyevaa aiache imesimama. Kisha nafunika lenzi ya mbele ya kulia kwa kiganja, natafuta kitu cha mbali chenye kingo kali, tawi lisilo na majani linafaa sana, na kuzungusha gurudumu la katikati hadi jicho la kushoto lione hata nyufa za gamba. Hapo nahamisha kiganja upande wa kushoto. Gurudumu siligusi tena. Nazungusha pete ya jicho la kulia peke yake. Ni bora kufunika lenzi kuliko kufumba jicho, kwa sababu ukifumba moja, la pili nalo hukazana. Pete ikikaa sawa, kariri alama yake, maana akishika mwingine ataisogeza.

Ndani ya darubini hii mna vihisi vinavyopima darubini inavyoyumba juu na chini, kushoto na kulia. Kompyuta ndogo husoma vipimo hivyo na kuamuru kipande cha kioo kiinamie upande wa pili ili kupindisha mwanga kinyume cha mtetemo. Kampuni ya Canon imepata kutumia vioo viwili vilivyounganishwa kama mvukuto, katikati mna kimiminika kiangavu. Si lazima kuwe na betri pia: darubini ya Zeiss 20x60 S hutuliza picha kwa mitambo mitupu.

Kuna mpangilio wa kutumia. Lenga kwanza, tulia, ndipo ubonyeze, na uipe nafasi kidogo picha itue. Ukitaka kuhamia kwingine, achia kitufe. Ukihama huku umekibonyeza, mashine huona mwendo wako kama mtetemo, ikaupinga, na picha ikawa inavutwa kama iko majini. Ndege anayeruka haitamsimamisha. Inatuliza mkono wako, si mbawa zake.

Malalamiko yangu ni mawili. Lenzi za milimita 30 kwa ukuzaji wa 10 zinatoa mwanga wenye upana wa milimita 3 tu kwenye jicho, kwa hiyo magharibi ikiingia, 10x42 yenye milimita 4.2 inaipita. La pili ni betri: za alkali huchoka haraka kwenye baridi, za lithiamu zinavumilia. Zikiisha, yangu inabaki darubini ya kawaida, huachwi gizani.

Juzi niliielekeza Kilimia, lile kundi la nyota. Zile nyota kuu hata darubini yangu ya zamani ilizionyesha. Lakini katikati yake kuna nyingine hafifu, nyingi, ambazo sikuwahi kuziona. Nikiachia kitufe zinapotea. Nikibonyeza, nikihesabu moja, mbili, hizo hapo zimerudi.