Zwift Racing League kwa timu: uzoefu wangu nikiwa Arusha

Nimeshiriki Zwift Racing League, ligi ya mbio za baiskeli za mtandaoni, kwa zaidi ya msimu mmoja, nikiwa katika timu ya daraja C ambayo wanachama wake wametawanyika Uingereza, Ureno, Afrika Kusini na hapa Arusha. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya mwendesha baiskeli wa Afrika Mashariki anayejiuliza kama huduma hii inastahili fedha yake. Kwa maoni yangu inastahili, hasa kwa sababu ligi imepangwa kwa namna ambayo mtu anayemaliza katikati ya kundi, au hata nyuma kabisa, anaweza kuwa ndiye aliyeipatia timu yake ushindi. Mbio za mtu mmoja mmoja, ambazo ndani ya programu hii huanza karibu kila wakati usiku na mchana, zilinijenga miguu, lakini hazikuwahi kunifanya nijisikie ninahitajika.

Kwa asiyeifahamu, Zwift ilianzishwa mwaka 2014 huko Marekani. Baiskeli yako ya kawaida inafungwa kwenye mashine ya mazoezi, ambayo sisi tunaoitumia tunaiita treina, na mashine hiyo hupima nguvu unayokanyagia kwa wati na kuituma kwenye kompyuta. Ukifika kwenye mlima ulioko kwenye skrini, treina inakaza, ukiteremka, inalegea. Kasi yako katika ulimwengu huo hukokotolewa kutokana na wati, uzito wako, urefu wako, mwinuko wa barabara na kama umejificha nyuma ya mwenzako au unapasua upepo peke yako. Ligi yenyewe nimeikuta ikisimamiwa na WTRL, waandaaji wa mbio za mtandaoni, hufanyika siku za Jumanne, na msimu wake hugawanywa katika raundi. Timu hupeleka waendeshaji wasiozidi sita katika kila mbio.

Kujiunga hakuna ugumu. Madaraja hupangwa kwa wati unazoweza kuhimili ukizigawanya kwa kilo za mwili wako, na daraja C huchukua watu walio kati ya takriban wati 2.6 na 3.4 kwa kilo. Programu hukokotoa yenyewe kutokana na juhudi zako za nyuma, kwa hiyo si rahisi kujishusha daraja ili uwaonee wanyonge. Nilipoomba nafasi, nahodha hakuniuliza nimewahi kushinda nini. Aliniuliza kilo zangu, aina ya treina niliyo nayo, na kama nitaweza kuwepo Jumanne nyingi za raundi. Mimi ni mwepesi, na katika barabara tambarare mtu mzito mwenye wati nyingi hunipita bila shida. Kwenye mwinuko hesabu inageuka. Tangu siku hiyo nahodha amekuwa akinipangia kazi za vilima, na nimezipenda.

Hapa ndipo penye uzuri wa ligi. Katika mbio za pointi, timu haipati pointi kwa nafasi za mwisho tu. Barabarani kuna vipande vilivyotengwa, vingine vya kasi na vingine vya kupanda, na waliovipita kwa muda mfupi zaidi hupewa pointi bila kujali walikuwa sehemu gani ya kundi. Katika baadhi ya mbio, wanaovuka mwisho wa kipande wakiwa mbele nao hupata zao. Pointi za wote sita hujumlishwa. Kwa hiyo kila timu huingia na watu wa kazi tofauti: mwenye kasi ya ghafla hulinda vipande vya kasi, mwepesi huwinda vilima, na mwenye pumzi ndefu hubaki na kundi la mbele ili avune pointi za mwisho.

Nieleze mbio mojawapo tulizokimbia kwenye Innsbruckring, mzunguko wa kilomita 8.8 uliochorwa kufuata mji wa Innsbruck huko Austria. Barabara ni tambarare kwa sehemu kubwa, kisha karibu na mwisho wa kila mzunguko kuna kilima kiitwacho Leg Snapper, kifupi na kikali, ambacho hakifiki hata nusu kilomita. Saa ya kila mwendeshaji huanza pale yeye mwenyewe anapovuka mstari wa mwanzo wa kilima. Kwa sababu hiyo, anayefika mstarini akiongoza kundi amejidhulumu, kwani ameuvuka kwa mwendo wa kawaida akiwa amekwisha kuchoka na upepo. Mjanja hujiachia hadi mkiani mwa kundi mita mia chache kabla, halafu huanza kukaza akiwa bado nyuma ya wengine, anavuka mstari akiwa tayari na kasi kubwa, na anapanda akiwapita watu.

Timu yetu huzungumza kwa sauti kupitia Discord, programu ya mazungumzo ya mtandaoni, wakati wote wa mbio. Mmoja wetu ni Mkenya anayeishi Leeds, na yeye huacha Kiingereza cha nahodha kwa muda na kunisemesha mimi: “Kaka, tulia hapo hapo nyuma. Unyoya usiuguse mpaka uone bango.” Unyoya ni mojawapo ya vifaa vya msaada ambavyo programu hukupa unapopita chini ya matao fulani, hupunguza uzito wa mwili wako kwa sekunde 15, na kwenye kilima kifupi namna ile sekunde hizo ni mtaji. Niliusubirisha, bango likatokea, nikabonyeza na kusimama kwenye pedali. Mizunguko iliyofuata nilifanya hivyo hivyo hadi miguu ikakataa, kundi likaniacha, nikamaliza nyuma sana. Matokeo yalipotoka, sehemu nzuri ya pointi za timu ilikuwa imetoka kwenye kilima kile. Nahodha alinitaja kwanza alipokuwa akiwashukuru watu, na sikumbuki mbio zozote za barabarani ambako mtu wa nafasi yangu aliwahi kushukuriwa.

Mbio za timu za kushindana na muda ni ngumu zaidi, na kwangu mimi ndizo tamu zaidi. Timu huondoka peke yake na kupokezana kuongoza, mara nyingi kwa sekunde 30 hivi kila mmoja, huku walio nyuma wakiokoa robo ya nguvu au zaidi. Muda wa timu huchukuliwa kwa mtu wa nne kuvuka mstari. Maana yake ni kwamba watu wawili kati ya sita wanaweza kujitoa kabisa: huongoza kwa muda mrefu kuliko wenzao, huwapumzisha wanne watakaohesabiwa, na zikiwa zimebaki kilomita chache hujiondoa wakiwa hawana tone. Anayejitoa husema kwenye sauti kwamba amemaliza, wengine humjibu kwa asante fupi kwa sababu hawana pumzi, na mwendo unaendelea. Kinachoua timu katika mbio hizi ni mtu mwenye nguvu anayeongeza kasi zamu yake ikifika, kwa kuwa aliye dhaifu zaidi katika wanne huachwa, na bila yeye hakuna muda wa kuandikwa. Kushika mwendo ule ule usiobadilika ni nidhamu ambayo nimeihamishia hata kwenye safari zetu za Jumapili za kwenda Usa River na kurudi.

Sasa niseme jambo ambalo sijaona likijadiliwa na waandishi wa Ulaya, kwa kuwa wengi wao wanaishi karibu na usawa wa bahari. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa huo, Nairobi iko juu zaidi, na Iten hufika takriban mita 2,400. Hewa ikiwa nyepesi, mwili hupata oksijeni kidogo na wati hupungua, hata kwa mwenyeji aliyezoea. Kwenye barabara halisi hewa hiyo nyepesi hukurudishia sehemu ya ulichopoteza, kwa sababu upinzani wa upepo nao hupungua. Ndani ya programu za aina hii hakuna marejesho hayo: wati zako hupokelewa zilivyo na kukokotolewa kana kwamba wote mko mahali pamoja. Ahueni ni kwamba hata daraja lako hupangwa kwa wati hizo hizo za milimani, kwa hiyo utakutana na watu wa kiwango chako. Utakapoliona pengo ni kwenye kukaza mara kwa mara, kwani pumzi huchelewa kurudi kati ya kilima na kilima. Anayeishi Dar es Salaam au Mombasa hana tatizo hilo, ila ana joto na unyevu, na bila feni kubwa inayompiga kifuani joto litamzidi kabla miguu yake haijachoka.

Saa za mbio zinahitaji maandalizi. Mbio za saa moja jioni ya London huwa saa tatu usiku kwetu mwanzoni mwa msimu, na Ulaya wakirudisha saa zao nyuma mwishoni mwa Oktoba zinahamia saa nne usiku. Anayeamka alfajiri kwenda kazini alifikirie hilo. Intaneti haisumbui kama watu wanavyodhani: bando linaloliwa ni dogo sana ukilinganisha na kutazama video, kinachotakiwa ni muunganisho usiokatika. Umeme ndio wa kuuwekea ulinzi. Uliwahi kukatika nikiwa katikati ya mbio, nikapotea kwenye skrini za wenzangu, na watano waliobaki wakaendelea kukusanya pointi. Baada ya hapo niliunganisha treina, kompyuta na ruta kwenye inveta yenye betri, na sijapotea tena.

Kuhusu gharama, mwezi mmoja wa Zwift umekuwa dola 19.99 tangu bei ilipopandishwa mwaka 2024. Ligi haikunidai ada nyingine. Mzigo mkubwa ni treina, ambayo ikiwa mpya hugharimu mamia ya dola kabla ya usafirishaji na ushuru. Yangu niliinunua ikiwa imetumika, kutoka kwa mtu aliyekuwa anahama Moshi, na ningemshauri kila anayeanza atafute njia kama hiyo. Asiyetaka ada ya mwezi anaweza kuanza na MyWhoosh ya Abu Dhabi, programu nyingine ya aina hii, ambayo ni ya bure na ndiyo iliyotumika kwa mashindano ya dunia ya UCI, shirikisho la kimataifa la mchezo wa baiskeli, ya baiskeli za mtandaoni mwaka 2024. Mimi nimebaki Zwift kwa ajili ya timu yangu.

Wapo wanaosema huu ni mchezo wa watoto. Mashindano ya kwanza ya dunia ya UCI ya aina hii yalifanyika Desemba 2020 kwenye Zwift, na kwa upande wa wanawake jezi ya bingwa ilichukuliwa na Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika Kusini. Bingwa wa wanaume, Mjerumani Jason Osborne, alitoka kwenye mchezo wa kupiga makasia. Miguu na mapafu ni vya kweli. Kinachobaki kwenye uaminifu ni uzito: unauandika mwenyewe, na kilo mbili za uongo ni faida kubwa mlimani. Timu yetu ina desturi ya kila mtu kupima uzito siku ya mbio na kuubadilisha kwenye akaunti yake, na ningemtaka mtu yeyote aulizie desturi hiyo kabla ya kujiunga na timu.

Raundi inayofuata nimekwisha kujiandikisha tena. Mwenzangu wa Leeds nami tunatafuta wengine wanne wa daraja C wanaojua Kiswahili, wawe Nairobi, Kigali, Mwanza au ughaibuni, ili tuingize timu yetu wenyewe katika saa za jioni za Ulaya. Mwenye miguu mizito ya tambarare anahitajika haraka kuliko mpanda vilima.