Kipimo cha vinasaba cha "kujizuia" kwa watoto: pauni 178 na ripoti niliyoomba ifutwe

Nilinunua vifurushi viwili mwezi Machi. Kimoja cha mwanangu wa kiume wa miaka 7, kingine cha dada yake wa miaka 11. Kila kimoja pauni 89, kuletewa nyumbani bure. Jina la kampuni naliacha, kwa sababu ninachotaka kukieleza ni bidhaa yenyewe: kipimo cha mate kinachodai kukuambia mtoto wako ana jeni za subira au za papara.

Sisi ni watu wa Tanga, tunaishi Reading, Uingereza. Muhula uliopita shule ilinipigia simu mara tatu kuhusu mdogo. Alikimbilia mpira hadi barabarani. Alimsukuma mwenzake kwenye foleni ya chakula. Anajibu kabla swali halijaisha. Mtoto mweusi wa kiume akianza kuandikwa "msumbufu" akiwa na miaka 7, mama yake halali. Nilikuwa natoka zamu ya usiku nilipoliona tangazo, nikalipa palepale kwenye basi.

Vifaa vyenyewe ni vizuri, sina neno. Kichupa kina mstari wa kuonyesha mate yafike wapi, maelekezo yana picha, bahasha ya kurudishia imeshalipiwa. Sharti lilikuwa moja: mtoto asile wala asinywe kitu kwa dakika 30 kabla ya kutema. Ilikuwa Jumamosi asubuhi na nilikuwa napika chapati. Mdogo akasimama karibu na jiko, mikono nyuma, macho kwenye saa ya ukutani, ananitajia dakika moja moja. "Mama, zimebaki kumi na tisa." Chapati zinafuka mvuke mbele ya pua yake na hakugusa. Dada yake alipita akitafuta chaja ya simu, akakata kipande cha chapati, akatia mdomoni, na alishameza alipokumbuka. Dakika ya 12. Tukaanza upya.

Ripoti zikaja baada ya wiki tano kwa barua pepe, kurasa 14 kila moja. Ukurasa wa kwanza una mshale kama ule wa kipimo cha mafuta ya gari. Wa mdogo ulikuwa kwenye nyekundu: papara kubwa. Wa dada yake ulikuwa kwenye kijani: mtulivu, anayejitawala. Niliziangalia nikaikumbuka ile chapati.

Kilichoupeleka mshale wa mwanangu kwenye nyekundu ni jeni tatu tu, na kubwa yao ni MAOA, ambayo ripoti iliiita "jeni ya mpiganaji". Jina hilo ndilo lililoniumiza. Mwaka 2006 huko New Zealand lilihusishwa na Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, kana kwamba jamii nzima ya watu na historia yao wanaelezeka kwa herufi chache za vinasaba, na walikuwa na haki kabisa ya kukasirika. Leo lipo kwenye karatasi ya mtoto wangu.

Nimesoma sana tangu siku hiyo. MAOA inatengeneza kimeng'enya kinachovunjavunja serotonini na dopamini, kemikali za kupeleka ujumbe ubongoni, zikishamaliza kazi. Ushahidi wake mzito ulitoka Uholanzi mwaka 1993, kwa ukoo mmoja ambao baadhi ya wanaume wake walikosa kabisa kimeng'enya hicho na walikuwa na milipuko mikali ya hasira. Hilo ni kosa la nadra mno. Alichonacho mwanangu ni aina ya kawaida ya jeni hiyo, inayofanya kazi polepole kidogo, na kwa wanaume wenye asili ya Ulaya peke yao wanaoibeba ni kama theluthi moja. Hao wote ni mafundi, walimu, madereva wa mabasi. Kisha mwaka 2002 ukatoka utafiti wa Dunedin, New Zealand, uliofuatilia watoto tangu kuzaliwa: wavulana wenye aina hiyo walionekana kuwa na matatizo zaidi ya tabia pale walipokuwa wameteswa utotoni. Waliolelewa bila mateso, jeni hiyo haikuonyesha tofauti kubwa. Ripoti ya kurasa 14 haikuuliza hata mara moja mtoto analelewaje.

Na kuna jambo la jinsia ambalo muuzaji wa kipimo hiki alipaswa kulieleza kabla ya kuchukua hela yangu. MAOA iko kwenye kromosomu X, moja ya zile zinazoamua jinsia. Mvulana ana X moja na anaipata kwa mama yake tu. Mama mkwe wangu miaka yote anasema papara ya mjukuu wake imetoka kwa babu mzaa baba, na kwa jeni hii haiwezekani. Imetoka kwangu, mimi ambaye kwa miaka tisa nalisha wazee waliopoteza kumbukumbu, kijiko kimoja kimoja, saa nane za usiku. Msichana ana X mbili. Binti yangu ana aina zote mbili, ya polepole na ya haraka, na kwa kawaida katika kila seli X moja huzimwa, hapa hii, pale ile. Huwezi kumsomea kama unavyomsomea mvulana. Wao walichukua wastani, wakampa kijani.

Wala sisemi urithi haupo. Tafiti za mapacha zilizojumlishwa mwaka 2019 zinaonyesha kwamba tofauti za kujizuia kati ya watu zinatokana na urithi kwa takriban asilimia 60. Ni nyingi. Lakini hiyo ni hesabu ya tofauti za watu wengi wakipangwa pamoja, haikati mtoto mmoja vipande, hiki cha jeni na hiki cha malezi. Na urithi wenyewe umetawanyika. Utafiti mkubwa wa ADHD, hali ya kushindwa kutulia, kuzingatia na kujizuia, uliotoka 2023, wenye watu zaidi ya 38,000 walio na hali hiyo, ulipata maeneo 27 kwenye vinasaba, kila moja likiwa na mchango mdogo sana, na maelfu mengine yanasubiri kugunduliwa. Waliopimwa karibu wote ni wa asili ya Ulaya. Wangu wanatoka Tanga. Jeni tatu na mshale mwekundu, kwa ushahidi upi?

Kuhusu wavulana na wasichana, watafiti wa Chuo Kikuu cha Durham walikusanya tafiti 277 mwaka 2011. Wanaume waliwazidi wanawake katika kutafuta msisimko na kuthubutu hatari. Wanawake waliogopa adhabu zaidi. Ila kwenye kusubiri zawadi kubwa badala ya kuchukua ndogo sasa hivi, hapakuwa na tofauti ya maana. Nikiisoma hiyo nawaona wanangu: mdogo anarukia barabara, lakini mbele ya chapati anasubiri. Na kusubiri kunafundishika. Watoto wa miaka minne wa Wanso, Kamerun, walipowekewa andazi na kuambiwa wangoje ili waongezwe la pili, karibu 70 kati ya 100 waliweza; kwa watoto wa Kijerumani, na peremende zao, hawakufika 30.

Hasara kubwa ya ripoti ile ilikuwa kwa binti. Wiki mbili nzima ule mshale wa kijani ulinituliza. Mtoto anapoteza koti la pili, anakata watu kauli, ametumia hela zote za mwezi kwenye mchezo wa simu kwa jioni moja kisha akalia chumbani kimya kimya, na mimi najiambia vinasaba vyake ni vitulivu. Wasichana wengi wenye ADHD hukosa kutambuliwa kwa sababu hawapandi juu ya meza. Ni mwalimu wa mahitaji maalumu shuleni aliyeniuliza, "Na dada yake?" Sasa tumempeleka kwa daktari, tuko kwenye foleni ya uchunguzi, na huo hautuitishi mate hata tone.

Huduma kwa wateja: niliuliza kwa barua pepe alama zinakokotolewaje. Siku nne baadaye nikapata jibu la kunakiliwa, lenye kiungo cha kununua "ripoti kamili" kwa pauni 35 zaidi. Nilipoomba taarifa za watoto zifutwe na sampuli ziharibiwe, walitimiza ndani ya wiki na kunithibitishia kwa maandishi. Hilo nawapongeza.

Nawapa nyota 1 kati ya 5, na ni kwa ajili ya kufuta. Kama umeshanunua na ripoti unayo, usiipeleke shuleni wala usimwonyeshe mtoto ukurasa wa mshale. Wangu mdogo aliuona kwenye simu yangu kabla sijawahi kuuficha. Aliniuliza kama nyekundu inamaanisha yeye ni mbaya. Nikazima jiko, nikakaa naye chini, na tulizungumza mpaka wakati wa kumpeleka mazoezi ya mpira.